Macsen Hajui Kukataa

Kabla Ned Hallam hajafungua mdomo, Heledd alikwisha kujua kwamba neno linalokuja hatalipenda. Alilijua kwa jinsi Ned alivyovua kofia akaishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba. Manyunyu yalimlowesha nywele na hakujali. Alisimama nyuma ya lori la akina Probert, ukoo wa Heledd, mabuti yamezama matopeni, akamtazama farasi kwanza, kisha akamtazama yeye.

"Amependeza," alisema.

"Nani, mimi au Macsen?"

"Macsen. Wewe ni kila siku."

Siku nyingine Heledd angecheka na kumrushia sifongo la maji usoni. Leo aliendelea kukaza mkanda wa tandiko. "Sema ulilokuja kusema, Ned. Muda wangu unakaribia."

Ned aliweka kiganja kwenye shingo ya Macsen, shingo nene kama gogo, na farasi akamgeukia kumnusa mfukoni. Macsen alikuwa kobu, farasi wa kwao kwa Wawelshi, milimani juu ya Tregaron: miguu mifupi iliyojaa, manyoya yamefunika kwato, kifua kipana kama mlango wa ghala. Emrys, baba yake Heledd, alizalisha farasi hao kama baba yake alivyowazalisha. Walivuta magari, walibeba wachungaji wa kondoo, na kila kiangazi walipelekwa kwenye maonyesho wakakimbia telki, magoti juu, huku tarafa nzima ikipiga mayowe. Hakuna Probert aliyewahi kumleta kobu kwenye mashindano haya ya upande wa Waingereza, yenye mitihani mitatu: kwanza madaha, yaani hatua za mapambo mbele ya waamuzi, kisha viunzi vya rangi uwanjani, na mwisho mbio za nyikani kuvuka magogo, mitaro na maji huku saa ikikukimbiza.

Ned ndiye aliyeanza. Alikuwa mpanda farasi wa kulipwa, akiishi kwa kuwapanda farasi wa matajiri. Misimu miwili nyuma alimwona Heledd akiruka ua wa shamba juu ya mgongo wa Macsen, kwa raha yake tu, akasimamisha gari barabarani na kupiga kelele, "Wewe dada! Huyo mlete kwangu nimfundishe!" Akamfundisha farasi. Na katika kumfundisha farasi akampenda mwenye farasi, naye akapendwa, hata majirani wakaacha kunong'ona wakaanza kuuliza harusi ni lini. Madaraja ya chini Macsen aliyapita akiwa kama mchezoni. Leo ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye daraja la juu, na asubuhi hiyo alikuwa ameshangaza watu. Alicheza madaha mpaka mwamuzi, mama mmoja mwenye uso mkavu, akatabasamu. Viunzi hakuangusha hata kimoja. Alikuwa wa tatu katika farasi wote, na kilichobaki kilikuwa nyika.

"Mwondoe," Ned alisema.

Mikono ya Heledd ilisimama juu ya mkanda. "Unasemaje?"

"Mwondoe, mpenzi. Nenda kwa makarani, waambie ardhi imekuwa nzito, hupandi. Wako wengi watakaofanya hivyo leo. Hakuna atakayekucheka."

"Wa tatu, Ned! Macsen ni wa tatu, wewe unaniambia niende nyumbani?"

"Nakwambia umefika mahali pazuri. Nimetoka kuizunguka njia sasa hivi. Jana ilikuwa sawa, lakini mvua ya usiku imeiharibu. Ule mlima baada ya ziwa ni uji mtupu. Na viunzi vikubwa kuliko vyote viko baada ya mlima, farasi akiwa amechoka."

"Macsen ana nguvu kuliko hao vijiti wenu wote."

"Nguvu anazo. Za kuvuta, za kubeba. Hizi ni mbio." Ned aliishusha sauti, akasogea karibu mpaka Heledd akaona matone ya mvua kwenye kope zake. "Nisikilize. Daraja la chini, ningempandisha mama yangu mzazi juu yake nikalala usingizi. Kobu anafaa pale kuliko hata hao wa damu ya mbio. Ana akili, haogopi kitu, anatazama anapoweka mguu. Lakini hapa muda ni mkali. Wenzake wakipiga hatua moja, yeye anapiga karibu mbili. Mwili ule mkubwa unachemka haraka. Farasi mwingine akichoka atasimama mbele ya kiunzi, akuangushe, muumie kidogo, mwende nyumbani. Huyu wako hasimami. Macsen hajui kukataa, Heledd. Ndilo linalonitisha."

Kuna sekunde moja ambayo Heledd ataikumbuka maisha yake yote. Alimtazama Ned machoni, na ndani ya macho yale hakuona dharau wala ujuaji. Aliona hofu ya mtu anayependa. Kiganja cha Heledd kilikwisha kulegea juu ya mkanda. Laiti ingeongezeka sekunde nyingine.

"Anasemaje huyu?"

Sauti ya Emrys Probert ilitangulia mwili wake. Alitokea ubavuni mwa lori na chupa ya chai kwapani, kofia ya pamba imemshuka hadi kwenye nyusi. Mzee mfupi, mpana, miguu imepinda. Watu kijijini walisema kwa utani kwamba Emrys na farasi wake walizaliwa zizi moja.

"Baba, tunazungumza tu."

"Nimesikia mnazungumza nini. Endelea, kijana. Usinyamaze kwa sababu nimekuja. Ulikuwa unatukana farasi wangu, endelea."

"Sijamtukana, Mzee. Nampenda Macsen kama—"

"Unampenda akiwa chini! Akikaa huko chini na watoto, ni kobu mzuri, ana akili, mpigeni picha. Akipanda mpaka walipo farasi wa mabwana zako, basi, ana miguu mifupi. Si ndivyo?"

"Mzee Emrys, ardhi imeharibika. Hata farasi wangu mimi—"

"Wako upi? Una farasi wewe?" Emrys alicheka, na kicheko hicho kilimchoma Heledd hata yeye. "Unapanda vya watu. Unalala kwenye lori. Huna hata kibanda cha kuku. Halafu unamfundisha Probert habari ya kobu."

Uso wa Ned ulipanda damu, lakini hakumjibu mzee. Alimgeukia Heledd. "Sema wewe. Uamuzi ni wako."

Wote wawili wakamtazama. Heledd alijiona kama kamba inayovutwa huku na huku. Kule nyumbani baba yake alikwisha kusema wazi: Mwingereza asiye na shamba hatakaa kwenye meza yake. Kwa misimu miwili Heledd alikuwa akimlainisha, akimpikia, akimsifia Ned kidogo kidogo, na njia pekee iliyomlainisha ilikuwa Macsen. Kila Macsen aliposhinda, Emrys alimtaja Ned bila kutema mate. Amwondoe leo, mbele ya watu, kwa neno la Ned? Mlango ule ungefungwa na kupigwa misumari.

Hivyo ndivyo alivyojidanganya. Lakini kiburi nacho kilikuwepo, na ndicho kilichozungumza.

"Wewe nawe unapanda daraja hili hili leo, Ned. Uko wa saba."

"Hilo lina uhusiano gani?"

"Labda hutaki mabwana zako wakuone umeshindwa na farasi wa mkokoteni."

Ned alimtazama bila kupepesa. Kisha akaivaa kofia yake taratibu, akaiweka sawa. "Sawa," alisema. "Kwenye mlima usimsukume. Poteza muda wote unaotaka kupoteza. Akianza kupumua kwa kelele, simama. Nakuomba hilo tu."

Akaondoka, mabuti yakifyonza matope kila hatua. Emrys akammiminia binti yake chai kwenye kifuniko cha chupa. "Kunywa, mwanangu. Kawaonyeshe."

Chai ilikuwa tamu sana. Heledd aliimeza yote, akapanda farasi.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Walipoachiwa, Macsen alitoka kwa shoti, masikio mbele, akaruka gogo la kwanza kana kwamba ni kijiti cha fagio. Akaruka la pili, akaruka mtaro. Watu waliokuwa kando ya kamba na miavuli yao walianza kupiga kelele, maana kila mtu anampenda mnyama mfupi anayejitahidi. "Haya kobu! Haya!" Heledd alicheka kwa sauti, upepo ukimjaza mdomo. Aliwaza: ungekuwa hapa, Ned, ungeona. Ziwani Macsen alijitosa bila kusita, maji yakaruka mpaka kwenye kofia ya chuma ya Heledd, akatoka upande wa pili akijikung'uta kama mbwa.

Kisha mlima ukaanza.

Heledd alihisi kwanza kwenye magoti yake. Mgongo uliokuwa ukipanda na kushuka kama wimbi ulianza kupiga mishindo, mizito, mifupi. Matope yaliishika miguu ile yenye manyoya na kuing'ang'ania. Nusu ya mlima akaisikia pumzi. Ilitoka kwa kukwaruza, kama msumeno kwenye mbao mbichi.

Akianza kupumua kwa kelele, simama.

Heledd alitazama saa mkononi. Alikuwa nyuma ya muda, lakini si sana. Akimsukuma kidogo, angeweza kubaki katika watano wa kwanza. Hata hivyo mikono yake ilianza kuvuta hatamu. Macsen akaanza kupunguza, masikio yakirudi nyuma kumsikiliza anataka nini.

Juu ya mlima, kando ya kamba, Emrys alikuwa ameivua kofia yake ya pamba na kuipunga hewani. Heledd hakuwahi kumwona baba yake akiwa kichwa wazi isipokuwa kanisani. Mzee alikuwa analia na kucheka pamoja, akipaza sauti kwa Kiwelshi, lugha aliyoizungumza na farasi wake tu na Mungu wake: njoo, mwanangu, njoo nyumbani.

Heledd alilegeza hatamu, akampiga Macsen visigino.

Na Macsen hakukataa. Alikusanya alichobaki nacho, akaenda. Kile kiunzi kikubwa kilikuwa meza ya mbao, pana, yenye ua wa majani juu yake. Alikiendea kwa hatua mbaya, karibu mno. Farasi mwingine angesimama. Yeye aliruka. Magoti yaligonga ukingo, mwili wote ukapinduka mbele, na Heledd aliona nyasi zikimjia usoni. Hakuanguka. Macsen alitua kwa mguu mmoja wa mbele, uzito wote wa mlima ule ukiwa juu ya mguu huo, akajikwaa, akapiga pua matopeni, akainuka. Akaenda. Akaruka kiunzi cha mwisho. Akavuka mstari wa mwisho watu wakipiga makofi mpaka miavuli ikatikisika.

Hapo tu, alipoambiwa basi, ndipo aliposimama na kuuinua mguu wa mbele, akaushika hewani, akitetemeka.

Heledd alikwisha kushuka kabla hajajua ameshuka. Alipiga magoti. Chini ya manyoya yaliyolowa, nyuma ya mguu, ukano ulikuwa umevimba na kuwaka moto.

"Macsen. Macsen wangu. Nisamehe."

Mtu alipiga magoti kando yake na ndoo ya barafu. Hakuhitaji kugeuka. Aliijua mikono ile.

"Mshike kichwa," Ned alisema. "Ongea naye."

"Ned, wewe muda wako—"

"Ongea naye, Heledd."

Nyuma yao mwanamke mwenye koti la thamani alikuwa akiita, "Hallam! Hallam, jike langu liko tayari, unaitwa kwenye mstari wa kuanzia!" Ned hakuinua kichwa. Alikuwa ameupakata mguu wa Macsen kama mtoto mchanga, akiufunga barafu, vidole vikiwa vyekundu kwa baridi. Mwanamke yule aliita tena, kisha akasema neno la hasira na kwenda zake. Jina la Ned likatangazwa kwenye kipaza sauti. Likatangazwa tena. Halikutangazwa tena.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke mpole, mwenye haraka kidogo. Alipapasa, akapima, akadunga sindano. "Ataishi," alisema. "Usilie hivyo, ataishi. Atatembea malishoni, pengine siku moja atavuta kigari chepesi. Lakini kuruka, basi. Na msimlaumu farasi. Ana moyo mkubwa kupita mwili wake."

Emrys alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia bado mkononi, mvua ikimnyeshea kipara.

Walimrudisha Macsen polepole mpaka kwenye lori, wakamfunika blanketi. Emrys akaenda kutafuta nyasi kavu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Heledd na Ned wakabaki wawili. Ned alikuwa akijipangusa matope kwa kitambaa, na matope hayakuwa yakitoka.

"Ulisema kweli," Heledd alisema. "Yote. Kila neno."

"Sijafurahi kusema kweli."

"Nilimsikia akipumua. Nilisikia, Ned. Nikampiga visigino."

"Najua. Nilikuwa pale mlimani."

Hilo lilimuumiza kuliko kama angemtukana. Alitaka kumshika mkono, lakini Ned alikuwa amekishika kile kitambaa kwa mikono yote miwili.

"Yule bibi mwenye jike," alisema Heledd, "atakufukuza?"

"Amekwisha kunifukuza. Si kitu. Nilikuwa naondoka kwake hata hivyo." Ned alitazama upande wa magari. "Nimepata zizi Ireland, Heledd. Kusimamia, na kufundisha. Kuna nyumba yake, ndogo, ina bustani nyuma na malisho mpaka mtoni. Nilikuwa nimeona hata mahali pa kumweka Macsen."

"Ulikuwa... hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia leo, mkimaliza. Nilitaka kukuuliza."

"Niulize."

Ned alitikisa kichwa.

"Niulize sasa, Ned. Nitakubali. Hata Baba akikataa nitakubali."

"Najua ungekubali. Leo ungekubali chochote, kwa sababu umeumia na unaona una deni kwangu. Sitaki mke wa namna hiyo. Asubuhi ulijua sikudanganyi. Nilikuona usoni, ulijua. Kisha mzee akaja, na nikawa adui. Farasi wa mkokoteni, umeniambia. Mimi! Nimemlea farasi huyu pamoja nawe. Je, kesho tukiwa na mtoto, nikasema ana homa, mzee akasema hana? Nitakuwa nani siku hiyo?"

Heledd alishika ukingo wa blanketi la Macsen. Machozi yalimtoka tu.

Ned alimwekea kiganja shavuni, baridi kama barafu aliyokuwa ameishika. Kidole gumba kikapita chini ya jicho lake mara moja. "Mbadilishie barafu kila mara mpaka mfike nyumbani," alisema. Kisha akatembea.

Emrys alirudi na mzigo wa nyasi. Aliuweka mbele ya Macsen, kisha akakaa kwenye ngazi ya lori. Kule langoni magari yalikuwa yamepanga foleni ndefu. Matope yalikuwa yameyakamata, na trekta lilikuwa likiyavuta moja moja mpaka barabarani. Lori la Ned, la kijani lililobabuka rangi, lilikuwa katikati ya foleni.

"Yule kijana alisema asipandwe," Emrys alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nilijua."

Heledd alimgeukia. "Ulijua nini?"

"Nilipita pale mlimani asubuhi, kabla hujapanda. Nilikanyaga ile ardhi." Mzee alikuwa akiizungusha kofia mikononi. "Nimeishi na kobu tangu nazaliwa, mwanangu. Ningekosaje kujua? Nilikuwa nakuja kukwambia tumwondoe. Kisha nikamsikia yeye analisema, Mwingereza, mbele yangu... nikashindwa kulisema neno lile lile."

Heledd alitaka kupiga kelele. Alimtazama tu baba yake, jinsi alivyozeeka tangu asubuhi. Emrys aliinua kidevu kuelekea langoni.

"Foleni haijaisha," alisema. "Mimi nitakaa na farasi."

Heledd alikimbia. Aliteleza, akaanguka kwa mikono, akainuka. Njiani aliyapanga maneno yote: usiende, nilijua tangu mwanzo hudanganyi, nisubiri, nitakuja Ireland hata kwa miguu, usiniulize wewe, nitakuuliza mimi. Alipolifikia lori la kijani, sasa la kwanza kwenye foleni, Ned alimwona kwenye kioo akateremsha dirisha.

Heledd alishika ukingo wa dirisha. Pumzi haikutosha. Macho ya Ned yalikuwa mekundu, na yalikuwa yakingoja. Hata leo ana hakika kwamba yalikuwa yakingoja.

"Macsen amekula," alisema. "Ameanza kula nyasi."

Ned alingoja kidogo zaidi. Mbele yao trekta lilikuwa likirudi kinyumenyume, na mtu akaifunga minyororo kwenye lori lake.

"Vizuri," alisema Ned. "Akila, ni dalili njema."

Minyororo ikakaza. Lori likatikisika, likang'oka kwenye matope, na ukingo wa dirisha ukamtoka Heledd vidoleni.